Ukuta Usioumiza
Maneno juu ya mchezo wa mbio za motokari

Katika kurasa hizi tumezoea kupima vitabu na filamu. Twauliza: Kazi hii ni njema? Yasema kweli? Yafaa kwa nani? Leo nataka tupime kazi ya namna nyingine, yaani mchezo wa video. Pengine mtu atasema: «Je, mchezo wa watoto wastahili maneno mengi hivyo?» Namjibu: Ndiyo. Kitabu husomwa mara moja ao mbili. Filamu hutazamwa kwa saa mbili, kisha watu hurudi nyumbani. Lakini mchezo wa namna hii kijana huurudia siku mia, na kila siku mkono wake hufanya tena jambo lile lile. Kitu kinachorudiwa hivyo hakikosi kufundisha. Shauri letu ni kujua kinafundisha nini.

Mchezo ninaotaka kuupima waitwa NASCAR Rivals. Ulitolewa tarehe 14 Oktoba 2022 na kampuni ya Marekani iitwayo Motorsport Games. Huchezwa katika Nintendo Switch, mashini ndogo ya Wajapani ambayo mtu huishika kwa mikono miwili na kuitazama kama anavyotazama kitabu. Sikuuchagua kwa sababu wapita michezo yote kwa uzuri. Nimeuchagua kwa sababu siku 16 tu baada ya kutolewa kwake, katika mbio za kweli, lilitokea jambo lililowashangaza Wamarekani wengi na kuwafanya waulize swali letu hili hili. Jambo hilo nitalieleza mahali pake.

I. Mbio zenyewe

Mtu akitaka kuhukumu picha, yafaa kwanza amjue yule aliyechorwa. Basi tuseme kidogo juu ya mbio zenyewe.

NASCAR ni chama cha mbio za motokari kilichoanzishwa 1948 huko Daytona Beach, katika jimbo la Florida. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa Bill France. Siku zile watu walishindana kwa motokari zile zile zilizouzwa madukani. Tena baadhi ya madereva wa kwanza walikuwa wamejifunza ufundi wao kwa kazi isiyo ya sifa: walipitisha pombe ya magendo usiku katika milima ya Kusini, huku wakiwakimbia askari. Leo motokari hizo huundwa kwa kazi ya mbio tu, ingawa kwa nje zafanana na Chevrolet, Ford na Toyota za watu wote. Viwanja vingi ni vya mviringo, na motokari hupinda kushoto, kushoto, kushoto, mpaka mwisho.

Asiyejua husema: «Kuzunguka mahali pamoja, kuna akili gani hapo?» Akili ipo, wala si kidogo. Nitaitaja katika mambo matatu, kwa maana kwa mambo hayo matatu nitaupima mchezo wetu.

La kwanza ni mguu. Uwanja wa Martinsville, katika jimbo la Virginia, ni mfupi: mzunguko mmoja ni kama meta 850, na kona zake ni kali. Katika mbio kubwa madereva huuzunguka mara 500. Anayekanyaga mafuta kwa nguvu akitoka katika kona, magurudumu yake ya nyuma huteleza na mipira yake huliwa upesi. Mshindi ni yule ambaye mguu wake wajua kipimo: kukanyaga kidogo, kulegeza kidogo, kungoja, kisha kukanyaga tena. Kazi hii aifanya saa tatu na zaidi, katika joto kali.

La pili ni jirani. Huko Daytona mzunguko ni kilometa 4, kona zimeinama digrii 31, na motokari huenda karibu kilometa 300 kwa saa. Kwa mwendo huo upepo huwa kama ukuta. Motokari iliyo peke yake hupasua upepo kwa nguvu zake zote. Lakini ile iliyo nyuma yake karibu sana hukuta njia imekwisha funguliwa. Na ajabu ni hii: hata ile ya mbele hupata faida, kwa kuwa upepo hauivuti tena kwa nyuma. Kwa hiyo mbili zikifuatana huishinda moja iliyo bora kuliko kila moja yao. Dereva anayejitenga kwa kiburi huachwa. Wazee wetu walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Huko Daytona wanasema vile vile kwa magurudumu. Yule unayetaka kumshinda ndiye unayemhitaji mpaka mzunguko wa mwisho.

La tatu ni ukuta. Uwanja wote umezungukwa nao. Anayekosa kipimo huupata. Tutarudi kwake.

II. Mambo mema ya mchezo huu

Sasa tuje kwenye mchezo. Haki yadai tuanze kwa mema, nayo yapo.

Kwanza waonyesha mambo kwa uaminifu. Madereva, timu, motokari na viwanja vya msimu wa 2022 vimo. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza kwa motokari mpya waliyoiita Next Gen, ambayo gurudumu lake hufungwa kwa nati moja kubwa ya katikati, mahali pa nati tano za zamani. Mchezaji atatambua kwamba kiwanja kifupi si sawa na kirefu, na kwamba njia iliyomfaa jana leo yampeleka pabaya.

Mtu akitaka kuona safari iliyokwendwa, akumbuke mwaka 1991. Mwaka ule kampuni ya Konami ilitoa mchezo wa mbio hizi kwa mashini ya mkononi iliyoitwa Game Boy, ukaitwa Bill Elliott's NASCAR Fast Tracks. Bill Elliott alikuwa bingwa wa 1988, na 1987 alizunguka uwanja wa Talladega kwa mwendo wa kilometa 342 kwa saa alipokuwa akitafuta nafasi ya kuanzia. Baada yake hakuna aliyeufikia mwendo huo katika majaribio ya NASCAR. Lakini kioo cha Game Boy kilikuwa na nukta 160 kwa 144 tu, na rangi nne za majivu ya kijani. Motokari nyekundu haikuweza kuwa nyekundu. Leo mtoto ashika mkononi kioo chenye rangi zote, aona hata mwanga wa jua juu ya bati. Asiyesifu ufundi huo hana shukrani.

Pili, mchezo huu wafundisha saburi. Wanaoingia katika kona kwa pupa hupoteza nafasi, na hasira haiwarudishii. Katika sehemu ya maisha ya dereva, mchezaji aweza kuanza katika madaraja ya chini na kupanda kwa jasho lake. Hilo ni somo zuri kwa vijana wanaotaka kuwa wakubwa kabla ya kuwa wadogo.

Tatu, hauna uchafu. Mwaka 2007, katika ujumbe wake kwa Siku ya Mawasiliano, Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliwaonya watengenezaji wa filamu na michezo ya video ambao, kwa kisingizio cha kufurahisha, hutukuza ukatili na kudharau usafi wa mwili. Mchezo wetu haumo katika hukumu hiyo. Hakuna anayechinjwa, hakuna anayevuliwa nguo.

Tusisahau pia mafundisho ya Mtakatifu Toma wa Akwino. Yeye, mwalimu mkubwa wa Eklezya, hakudharau mchezo. Alifundisha kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ni pumziko lake. Tena alisema kuwa mtu asiyetaka mchezo hata kidogo, na anayewachukia wanaocheza, naye ana kosa. Lakini aliweka kipimo: mchezo usiwe na mambo mabaya, usiharibu utulivu wa roho, na ulingane na mtu, saa na mahali. Basi wazazi wanaouliza: «Mchezo huu ni dhambi?» wapate jibu: Hapana, si dhambi. Lakini swali lao halijafika mwisho. Kitu chaweza kuwa si dhambi, na bado kisiseme kweli yote.

III. Kidole si mguu

Nimesema kwamba akili ya kwanza ya mbio ni mguu unaojua kipimo. Mchezo wafanya nini na mguu huo? Waugeuza kidole.

Hapa lawama si ya watengenezaji wa mchezo peke yao, ni ya mashini. Vitufe vya nyuma vya Nintendo Switch, ambavyo ndivyo mtu angevitumia mahali pa mafuta na breki, havina kipimo. Kitufe kimebonyezwa ao hakikubonyezwa, hakuna katikati. Mguu wa dereva husema maneno mia: kidogo, kidogo zaidi, nusu, legeza, ngoja. Kitufe husema mawili tu: ndiyo na hapana. Mchezaji mwerevu atajaribu kukibonyeza na kukiachia upesi upesi ili apate kitu kinachofanana na nusu. Lakini hiyo ni kama kupiga ngoma ya ngozi kwa rungu: mlio utatoka, lugha haitatoka.

Si jambo dogo. Tabia njema, kama walivyotufundisha walimu wetu, ni kujua kipimo kati ya kupita na kupungua. Mbio za kweli ni shule ya kipimo. Mbio za kitufe zakaribia kuwa shule ya yote ao si kitu.

IV. Jirani asiye na moyo

Akili ya pili ni jirani. Katika mchezo, motokari nyingine zipo. Ukizifuata kwa karibu huko Daytona, waona mwendo wako ukiongezeka. Kweli ya upepo imehifadhiwa. Lakini kweli ya mtu imepotea.

Huko uwanjani dereva hujua kwamba aliye nyuma yake ana kumbukumbu. Ukimsukuma leo ukutani, juma lijalo atakuwa tena nyuma yako, na siku utakapohitaji mtu wa kukusindikiza katika upepo, atamfuata mwingine. Tena nyuma ya kila dereva kuna watu wasiojulikana: wanaobadili magurudumu manne na kutia esanse kwa nukta chache, na wanaolala karakanani usiku kutengeneza bati ulilolipinda. Ukivunja motokari, umevunja kazi ya mikono yao. Mchezo wakuonyesha watu hao kama picha inayopita. Huwezi kuwaudhi, wala huwezi kuwashukuru. Hata madereva wa mashini wakipangwa wakukasirikie, hasira yao ni hesabu tu, haina moyo wa kusamehe.

Jina lenyewe, Rivals, maana yake Wapinzani. Nafikiri jina hilo limeshika nusu ya ukweli. Katika mbio hizi mpinzani wako ni mwenzako pia, na bila yeye huna mbio. Mtoto anayecheza peke yake pembeni, kichwa kimeinama juu ya kioo, atajifunza upinzani vizuri. Wenzi atajifunza wapi?

V. Ukuta

Sasa tufike kwa ukuta.

Mwaka 2000 kijana Adam Petty, mwenye miaka 19, aligonga ukuta wa uwanja wa New Hampshire katika mazoezi, akafa. Miezi miwili baadaye, katika uwanja ule ule na kona ile ile, akafa Kenny Irwin, mwenye miaka 30. Tarehe 18 Februari 2001, katika kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, akafa Dale Earnhardt, aliyekuwa bingwa mara saba. Waliotazama televisheni hawakudhani kwamba pigo lile lilikuwa kubwa. Walikuwa wameona mapigo mengi mabaya kuliko lile. Lakini motokari ilisimama na kichwa cha mtu hakikusimama, na shingo haikuweza kuvumilia.

Huwa twasema ajali haina kinga. Methali hii ni ya kweli, lakini isiwe kitanda cha wavivu. Baada ya kifo kile watu walitafuta kinga, wakaipata. Mwaka ule ule wa 2001 NASCAR iliwalazimisha madereva kuvaa kifaa cha kushika kichwa na shingo. Kuanzia 2002 viwanja vilianza kuwekewa ukuta mpya wa mabomba ya chuma na vipande vyepesi nyuma yake, ambao hurudi kidogo unapogongwa na kulipunguza pigo. Tangu siku ya Earnhardt mpaka msimu wa 2022, unaoonyeshwa na mchezo wetu, hakuna dereva mwingine aliyekufa katika mbio za daraja la juu. Kinga hiyo ililipwa kwa watu waliokufa.

Hata hivyo ukuta haujawa rafiki. Katika msimu wenyewe wa 2022, tarehe 23 Julai, Kurt Busch, bingwa wa 2004, aligonga ukuta kwa nyuma huko Pocono alipokuwa akitafuta nafasi ya kuanzia. Ubongo wake ulitikisika. Hakurudi tena msimu ule, na 2023 alitangaza kwamba anaacha kazi. Mwezi wa Septemba, huko Texas, Alex Bowman alipata pigo la namna ile ile, akakosa mbio tano. Ikaonekana kwamba ile motokari mpya ilikuwa ngumu mno kwa nyuma, haikupondeka ilivyopasa, na pigo likamfikia mtu. Iliwalazimu kuibadilisha kwa msimu uliofuata.

Basi mfungue mchezo huo wa msimu wa 2022. Busch yumo, Bowman yumo, motokari ile ile imo, rangi zote zimo. Kona ni za kweli, ukuta uko mahali pake. Lakini mchezaji akiupiga ukuta huo, kichwa chake hakiumi. Aweza kuanza upya mara moja, ukuta ukiwa mzima, motokari ikiwa mpya. Jambo lile moja lililoufanya mwaka huo uwe mzito kwa madereva ndilo lisiloonekana.

Baba Mtakatifu aliwaonya wale wanaoonyesha damu nyingi kupita kiasi. Hapa naona kosa la upande wa pili. Mchezo huu hauna damu hata tone, na kwa sababu hiyo wazazi huuamini. Lakini kuufanya ukuta usiumize ni kusema neno la uongo juu ya ukuta.

VI. Jambo la Martinsville

Ndipo tufike tarehe 30 Oktoba 2022, huko Martinsville. Siku hiyo walitafutwa madereva wanne wa kugombea ubingwa juma lililofuata. Ross Chastain, mwenye miaka 29, mtu wa Florida kutoka ukoo wa wakulima wa matikiti maji, aliingia katika mzunguko wa mwisho akiwa wa kumi. Alihitaji kupita motokari mbili tu. Muda ulikuwa umekwisha. Kwa njia ya kawaida asingeweza.

Akafanya hivi. Mahali ambapo wote walikanyaga breki ili kupinda, yeye aliweka gia ya tano, akakanyaga mafuta mpaka chini, akauegemeza ubavu wa motokari yake ukutani, akaachia usukani. Ukuta ukamzungusha. Cheche zikaruka, bati likakwaruzika, naye akawapita watano na kuvuka mstari akiwa wa tano. Mzunguko ule aliumaliza kwa nukta 18.845. Haijatokea kabla ya siku ile motokari ya namna hii kuuzunguka uwanja huo upesi kuliko hivyo. Denny Hamlin, aliyedhani kwamba nafasi ni yake, alipitwa mbele ya mstari wenyewe.

Walipomwuliza alikopata wazo hilo, alijibu kwamba utotoni alicheza sana NASCAR 2005 pamoja na ndugu yake Chad, katika GameCube, mashini ya Nintendo ya kuunganisha na televisheni. Katika mchezo ule walikuwa wakiuegemea ukuta hivyo. Alisema pia kwamba hakujua kama itafaa, na kwamba hofu yake ilikuwa mlango ulio katika ukuta wa kona ya nne: motokari ikiunasa, mambo yamekwisha.

Wasomaji wapenzi, tutafakari jambo hili pasipo haraka.

Kwanza, latuonyesha kwamba mchezo si uongo mtupu. Ulimwambia mtoto kwamba ukuta waweza kuifanya kazi ya breki na usukani, na neno hilo lilikuwa kweli. Madereva wakubwa kwa miaka mingi hawakulifanya. Mwaka mmoja mbele, huko Darlington, Kyle Larson alikuwa amejaribu kitu cha namna hiyo katika mzunguko wa mwisho, akashindwa na Hamlin huyo huyo, na mwenyewe akakiita jambo la mchezo wa video. Kwa hiyo anayesema kwamba michezo hii haifundishi kitu, Martinsville imemjibu.

Pili, latuonyesha mchezo uliacha nini. Uliacha bei. Mtoto aliuegemea ukuta mara nyingi bila kuhofu kitu. Mtu wa miaka 29 aliuegemea mara moja, na aliuhofu mlango. Hofu hiyo ya mlango hakuipata katika mchezo. Aliipata katika miaka ya kazi, alipoona motokari zinavunjika na wenzake wakichukuliwa hospitalini. Mimi simlaumu kama mpumbavu. Alikuwa mtu mzima, alijua anachoweka mezani, sheria haikumkataza, na hakuna aliyeumia. Lakini nasema: kilichomfanya awe shujaa siku ile ni kile ambacho mchezo haukumpa. Angekuwa na somo la mchezo tu, tusingeuita ushujaa.

Tatu, tazama lililofuata. Wengi walishangilia. Lakini Larson alisema wazi kwamba jambo hilo si zuri, tena kwamba aona haya kwa kuwa yeye mwenyewe alilijaribu huko Darlington. Mwezi wa Januari 2023 wakubwa wa NASCAR walitangaza kwamba, kwa sheria ya usalama waliyokuwa nayo, dereva atakayefanya hivyo tena ataadhibiwa. Maana yake ni nini? Kama wote wangeuegemea ukuta katika kila mzunguko wa mwisho, watazamaji walio karibu na uzio wangekuwa hatarini, na akili ya mguu ingekosa kazi. Sheria iliurudishia ukuta bei ambayo mchezo ulikuwa umeiondoa.

Na Chastain? Juma lililofuata, huko Phoenix, alimaliza wa tatu, na katika hesabu ya ubingwa akawa wa pili. Bingwa alikuwa Joey Logano, aliyeshinda mbio zile kwa njia ya kila siku, yaani kwa kona moja baada ya nyingine.

VII. Hukumu

Sasa nitoe hukumu yangu, kama ilivyo desturi ya kurasa hizi.

NASCAR Rivals ni kazi ya mafundi wenye jicho. Wajua viwanja, wajua motokari, wajua upepo. Kijana atakayeucheza atapata saburi kidogo na furaha safi. Lakini mguu umekuwa kidole, jirani amekuwa hesabu, na ukuta umekuwa mto wa kulalia. Kati ya kasoro hizo tatu, ya kwanza yatoka kwa mashini, ya pili karibu haina dawa. Ya tatu yangeweza kuponywa na watengenezaji wenyewe, kama wangetaka.

Ningependa kuona mchezo ambamo motokari iliyovunjwa leo yabaki imevunjika kesho, na mafundi wahitaji siku za kuitengeneza. Ambamo dereva aliyepigwa kichwa hukaa nje mbio tano, kama Bowman, na mchezaji hutazama tu wengine wakikimbia. Mtanijibu kwamba mchezo wa hivyo hautauzwa. Yawezekana. Lakini hapo ndipo tutakapojua kama kazi hii ilitengenezwa ili ionyeshe mbio, ao ili imfurahishe mnunuzi tu. Haki ya kutumia jina la NASCAR katika michezo imekwisha hamia kwa kampuni nyingine, iRacing, tangu 2023. Swali hili sasa ni lao.

Kwa wazazi nina shauri fupi. Msiivunje mashini, wala msiitupe. Mpeni mtoto saa yake ya kucheza, na ikiisha, iishe. Kama mchezo wawaruhusu wawili, vishikio vya Switch hutenganishwa: kimoja ashike yeye, kingine ndugu yake. Chad na Ross walicheza pamoja, na hilo lilikuwa jema. Tena wekeni sheria moja ndogo nyumbani: kila jioni mbio moja ichezwe bila kuanza upya. Akigonga ukuta katika mzunguko wa pili, na aburuze motokari yake iliyoharibika mpaka mwisho, awe wa mwisho, kisha aseme amejifunza nini. Atanung'unika. Mwacheni anung'unike. Jioni hiyo ukuta utakuwa umemwumiza kidogo, na maumivu hayo ni ya bei nafuu.

Nanyi vijana, kesho wengine wenu watashika usukani wa kweli, ao watapanda moto na kuchukua watu nyuma yao katika barabara zetu zenye mashimo. Mikono yenu itakumbuka ilichozoea. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorinto, aliufananisha ukristu na mbio uwanjani, na alisifu wale wanaojinyima kila kitu ili wapate taji. Kujinyima huko hakuna kitufe. Abiria wenu watakuwa na watoto wanaowangoja nyumbani, na barabarani hamtapewa nafasi ya kuanza upya.